Naombeni ushauri: mama aoneshwe kisa cha mwisho cha Poirot, au tuishie hapa tulipofika?

BintiKilosa

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Natanguliza tahadhari: ambaye hajaona Curtain, kile kisa kilichofunga mfululizo wa televisheni wa mpelelezi Poirot, ulioigizwa na David Suchet, asiendelee kusoma. Siwezi kuomba ushauri huu bila kutaja mwisho wake.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, mjane, Mkatoliki wa jumuiya na rozari kila jioni. Tangu baba atutoke tumekuwa tukimwangalia Poirot pamoja, na mwingine zaidi ya Suchet hataki hata kumsikia. Tulianza na vile visa vifupi vya mwaka 1989, rafiki yake Hastings na magari yake, katibu wake Miss Lemon na mafaili yake, Inspekta Japp akilalamika. Mama hushika kalamu, anaandika majina ya washukiwa nyuma ya daftari la vikoba, kisha anawafuta mmoja mmoja. Visa vyote ni 70. Kimebaki hicho kimoja tu, na kila Jumamosi ananiuliza kitakuja lini.

Nimekwisha kukiangalia peke yangu. Kwamba Poirot anafariki si tatizo. Mama ni mtu mzima na amezika watu wake. Kinachonisumbua ni namna anavyofariki. Poirot anaua. Anamnywesha Norton, mgeni mwenzake katika nyumba aliyofikia, dawa ya usingizi, anampiga risasi katikati ya paji la uso, kisha usiku wake wa mwisho anaisogeza mbali dawa yake ya moyo na kukata roho akiwa ameshika rozari, akiomba msamaha. Halafu yumo kwenye kiti cha magurudumu, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi, na mama yangu magoti yamemkatalia tangu mwaka jana. Hastings naye amefiwa na mke wake karibuni. Kila nilipotazama nilimwona mama.

Nimwoneshe? Nimsimulie kwanza? Au nimwambie tumemaliza na tuanze mfululizo mwingine?

Mzee wa Kahawa

Mdogo wangu, la tatu liondoe kabisa. Mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote hadanganywi na mwanawe kuhusu kipindi cha televisheni. Siku akisikia kwa jirani kwamba kisa cha mwisho kipo, kitakachomuuma si Poirot. Mengine wataongea wanaoujua mfululizo huu.

Msomaji wa Nakuru

Dada, mimi nakiweka Curtain juu ya vyote, na nitakueleza kwa nini kwa sababu naona jibu lako limo humo.

Norton si muuaji kama wale wengine mliokutana nao. Hashiki kisu, hachanganyi sumu, hana cha kurithi. Kazi yake ni kukaa karibu na mtu mwenye donda moyoni na kulichokoa kwa maneno laini mpaka mtu huyo aue. Mwangalie anavyomfanyia Kanali Luttrell, mzee mpole anayedharauliwa na mkewe mbele ya wageni: dakika chache za mazungumzo tu, kanali ameinua bunduki na mkewe amejeruhiwa. Kisha anamgeukia Hastings mwenyewe. Hastings tunayemjua sote, mtu wa haki asiye na hila, anafika mahali pa kuandaa sumu ya kumwekea Allerton kwa sababu ameaminishwa kwamba jamaa huyo anamharibu binti yake, Judith. Aliyemwokoa ni Poirot, kwa kikombe cha chokoleti chenye dawa ya usingizi.

Agatha Christie, mwandishi aliyemtunga Poirot, alimchota mtu huyu kwa Iago, yule mchochezi wa tamthilia ya Shakespeare, Othello, na wala hafichi, maana kitabu cha Othello kinaachwa kwa Hastings kama dokezo. Sasa mahakama ingemfanya nini Norton? Hakuna ushahidi. Hakuna hata kosa la kumshtaki. Poirot ameishi kwa kuamini kwamba muuaji hukabidhiwa sheria, na katika uzee wake anakutana na muuaji ambaye sheria haina mkono wa kumshika. Hapo ndipo uzito wa kisa ulipo. Mama yako ameishi kwenye shule na kwenye jumuiya; mfitini wa aina ya Norton amekwisha kukutana naye. Naamini atakielewa kuliko mimi na wewe.

Chakechake

Nakuheshimu sana ndugu yangu wa Nakuru, lakini mimi sikubali. Tangu 1989 hadi 2013 tumefundishwa na mtu huyuhuyu kwamba hakuna mwenye haki ya kuchukua roho ya mwenzake, hata marehemu awe mbaya kiasi gani. Kisha kisa cha mwisho anaichukua mwenyewe, tena ya mtu aliyelala. Nilimkasirikia Poirot na nikamkasirikia zaidi Hastings kwa kusoma ile barua ya kukiri aliyoachiwa na Poirot bila kumpinga hata kwa neno moja.

Na kuna jambo ambalo watu hulipita. Poirot alikuwa na njia nyingine: kumwambia kila aliyekuwa chini ya paa lile kwamba Norton ni mtu wa namna gani. Fitina hufa ikitajwa hadharani. Alichagua kunyamaza, na katika ukimya huo mke wa Dakta Franklin, mgeni mwingine wa nyumba hiyo, akafa.

Hata hivyo nakubali uigizaji wake hauna mfano. Suchet alipunguza mwili kwa ajili ya kisa hiki, na ile sauti iliyobaki kama ya mtu anayeazima pumzi sitaisahau. Ushauri wangu: mwoneshe, lakini mwache akasirike. Usimshawishi kwamba Poirot alikuwa sahihi.

Nesi wa Zamu

BintiKilosa, pole kwa kumpoteza baba. Naongea kama nesi na kama mtu anayemuuguza mama yake nyumbani.

Hilo la kiti cha magurudumu usilibebe hivyo. Sehemu kubwa ni hila ya Poirot mwenyewe. Moyo wake ni mgonjwa kweli, lakini miguu inatembea. Amejifanya hajiwezi ili asishukiwe, na kitabuni hata masharubu yake ni ya bandia. Wazee wengi waliozoea kuhurumiwa watafurahi kuona kwamba aliyedhaniwa amekwisha ndiye aliyekuwa akiwazunguka wote. Mama yangu alipiga makofi pale Poirot aliposimama.

Kinachohitaji uangalifu ni dawa ya moyo. Kama mama yako naye anatumia dawa kila siku, au kama amewahi kukuambia amechoka na vidonge, usimwache na picha hiyo peke yake usiku. Angalieni mchana, watu wakiwepo nyumbani, na baada yake muulize waziwazi amejisikiaje. Watu wazima huwa wanasubiri kuulizwa.

Nje ya mada kidogo: ile sumu iliyomuua Mrs Franklin ni fisostigmini, inayotoka kwenye maharage ya Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Walioshukiwa uchawi walilishwa maharage hayo. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia, aliyekufa ndiye mchawi. Kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji kulikuwa na kiapo cha mwavi, mti mwingine lakini hukumu ileile. Fisostigmini imetumika hospitali pia, kwa ugonjwa wa presha ya macho na kwa mtu aliyepata sumu ya atropini. Naona Christie, ambaye alifanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali wakati wa Vita vya Kwanza, alijua alichokuwa akichagua: dawa ya kuhukumu wasio na ushahidi, ndani ya kisa kuhusu mtu asiyeweza kushtakiwa kwa kukosa ushahidi.

Katekista Mstaafu

Binti yangu, umetaja rozari, nami nitajibu hapo tu. Mama yako aliionaje Murder on the Orient Express ya Suchet, ile ya 2010? Nauliza kwa sababu mtihani ni uleule. Kule Poirot anawaacha waliotenda mauaji waende zao, na picha ya mwisho anatembea kwenye theluji akilia, rozari mkononi. Waliotengeneza Curtain walijua watazamaji wameshaiona rozari ile.

Ninachokiheshimu ni kwamba kisa hakimpi Poirot amani ya bure. Hasemi kwamba alitenda vema. Katika barua anakiri hajui kama alilofanya ni halali au la, na anajiweka mikononi mwa Mungu. Mwamini anayeomba hivyo ninaweza kukaa naye. Ningeshindwa kama angekufa akijisifu.

BintiKilosa

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mzee wangu Katekista, ile ya treni alikaa kimya mpaka majina yakaisha kupita, kisha akasema, “Mtu huyu amtafute padri.” Hakusema zaidi, ila kesho yake alitaka tuirudie.

Nesi, dawa anatumia za presha na hajawahi kulalamika. Nimekuelewa kuhusu mchana. Chakechake, umenigusa uliposema nimwache akasirike. Mimi nilikuwa najiandaa kumtetea Poirot.

Katekista Mstaafu

Aliyetaka kuirudia ile atakiweza hiki. Mwambie mapema mambo mawili tu, kwamba Poirot atakufa na kwamba kuna kitu atatenda kitakachomtia uchungu. Kitu gani, mwache aone mwenyewe.

mama J

Naongezea la kupanga ratiba, maana sijaona aliyeligusa. Msimalizie na Curtain.

Ilirushwa na televisheni ya ITV ya Uingereza tarehe 13 Novemba 2013 ikiwa ya mwisho, lakini katika kurekodi ilitangulia visa vingine vya msimu ule. Suchet hakutaka siku yake ya mwisho kazini iwe siku ya kumzika Poirot. Iliyorekodiwa mwisho ni Dead Man's Folly, katika Greenway kule Devon, nyumba iliyokuwa ya Christie mwenyewe. Kwa hiyo baada ya kufa pale Styles, nyumba ya kisa cha Curtain, mtu yuleyule alivaa tena masharubu na viatu vyake vinavyong'aa na kwenda kusimama mlangoni kwa bibi aliyemtunga. Mweleze mama hivyo, na siku ya pili muirudie Dead Man's Folly. Mimi ilinisaidia kuliko maneno ya mtu yeyote.

Kabla yake rudieni The Mysterious Affair at Styles, ya mwaka 1990. Hastings na Poirot wanakutana tena katika kisa hicho enzi za Vita vya Kwanza, na Curtain inawarudisha kwenye nyumba hiyo ikiwa imegeuzwa ya kulaza wageni, baridi, chakula kibaya. Jengo lenyewe la kurekodia si lilelile, na wapo waliolalamika, lakini nguvu ya kurudi ipo.

Mkipenda vitabu, mwalimu atafurahia hili pia: Christie aliiandika Curtain wakati wa Vita vya Pili, London ikipigwa mabomu, akaifungia kwa hofu kwamba huenda asipone. Ilitoka 1975, na gazeti la New York Times likachapisha tanzia ya Poirot ukurasa wa mbele, Agosti 6, kama ya mtu aliyeishi. Christie mwenyewe alifariki Januari iliyofuata.

Msomaji wa Nakuru

Chakechake, nimeifikiria hoja yako ya kumtaja Norton hadharani. Shida ni kwamba Norton angekana kwa upole, na wote wangemhurumia yeye. Poirot anajua hilo. Lakini nakubali kwamba alipaswa angalau kumwamini Hastings. Kumficha rafiki aliyemwita mwenyewe aje, hilo nami linaniuma.

Chakechake

Hapo tumekutana. Na lile tundu katikati kabisa ya paji la uso, kwa mtu aliyetaka hata mayai yake ya asubuhi yalingane, ni kama ameweka sahihi. Hakutaka kujificha moja kwa moja.

BintiKilosa

Nimeamua. Jumamosi hii Styles. Jumamosi ijayo mchana, dada yangu akiwa amekuja na watoto wake wamelala, tunaangalia Curtain. Mama nitamwambia yale mawili asubuhi, tukiwa jikoni. Jumapili baada ya misa, Dead Man's Folly. Sitamtetea mtu.

Nesi wa Zamu

Vizuri. Jambo moja la mwisho: Poirot akishakata roho usisimamishe, hata kama mama analia, na usiruhusu mtu awashe taa au alete chai. Bado kuna barua anayopata Hastings baadaye kupitia kwa wakili. Maelezo yote yamo humo. Ukikatiza hapo, mama ataenda kulala na kifo ambacho hajaelezwa.