Mrejesho: ile krimu ya kung'arisha uso

Ahsanteni. Kwa aliyepitwa, niliuliza kama naweza kudai chochote baada ya krimu ya dukani hapa Malindi kunibabua mashavu.

Nilituma SMS yenye SM# na namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwenye kopo, kwenda 20023 ya KEBS (shirika la viwango la Kenya). Jibu: kibali ni cha sabuni ya kufulia! Na nyuma ya kopo, kwa herufi za sisimizi, haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi iliyopigwa marufuku Kenya kwenye vipodozi.

Nikarudi dukani na risiti. Muuzaji: "Dada, hii orijino ya Dubai." Nikamtajia Kifungu cha 46 cha Katiba: bidhaa iwe salama, na aliyedhurika alipwe fidia. Akanirudishia 850 bila kunitazama. Ya gharama za daktari hataki hata kuyasikia. Makopo mengine bado yamepangwa rafuni, kwa hivyo langu nalipeleka KEBS Jumatatu.