Naomba ushauri: hofu ya askari inapotea ndani ya mizani

Hamjambo walimu na malenga wenzangu. Nipo Kisumu, naandaa shairi la wanafunzi wa kidato cha tatu kulikariri. Msemaji ni kijana wa Kakamega katika jeshi la KAR (King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki), mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Bonde la Kabaw kule Burma: mvua haikatiki, malaria, tope hadi magotini. Ni tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) 8 kwa 8:

Risasi zinapovuma, magoti yanagongana

Kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, ni:

Niliahidiwa sifa, napata matope tupu

Kwenye karatasi linaridhisha. Likighaniwa, linanoga kama la harusini, na watoto wanapiga vifua! Mtu mwenye hofu hapumui kwa mizani sawa, nionavyo mimi. Nimejaribu msuko, yaani mshororo wa mwisho kuwa mfupi kuliko mingine, na kile kipande kifupi kikabana pumzi vizuri, ila beti za mwanzo bado zinajigamba. Shairi huru silitaki, watoto hulisoma kama taarifa ya habari.

Sasa naomba mnisaidie: nikivunja vina na mizani kuanzia ubeti wa mapigano, msikilizaji atahisi woga au ataona nimeshindwa na arudhi, yaani kanuni za utunzi? Na kibwagizo, nianze nacho kikiwa cha sifa kisha nikigeuze neno moja moja kila ubeti, au kibaki kichungu tangu mwanzo?