Mjadala: Viongozi ndio wanaotugawa, au sisi tunamtafuta wa kutugawa?

Mleta mada
Heshima kwenu. Anayedhani chuki za vyama zinaanzia kwa wananchi aitazame Pemba, kule Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa 1995, wafuasi wa CCM, chama tawala, na CUF, wapinzani, walisusiana hadi misiba. Mtu anafiwa, jirani wa ukuta mmoja haji kuzika. Harusi haziendewi, duka la mwenye chama kingine halinunuliwi, wengine wakahama hata msikiti. Ndugu wa damu hao, dini moja!

Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, wakakutana Ikulu, wakapatana. Julai 2010 kura ya maoni ya serikali ya umoja ikapita kwa zaidi ya asilimia 66, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita shwari. Watu ni walewale. Mfuasi anamtazama mkubwa wake kanuna au kacheka, naye anafuata.

Mtu wa Wete
Bwana, mbona 2001 umeiruka? Januari 27 waandamanaji walipigwa risasi hapa Pemba. Aliyezika mwanawe hakungoja Maalim amwambie akasirike. Watu walikuwa na yao: huyu kafukuzwa kazi, yule kanyimwa kitambulisho, hivyo kura hapigi. Kiongozi aliyakuta, akayapa bendera. Na uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, kususiana kukarudi. Kama ni suala la wakubwa kupatana tu, kulikuwa kumejificha wapi?

Mkaazi wa Nakuru
Huku kwetu yote mawili yametokea. 2007 Wakikuyu na Wakalenjin waliuana Bonde la Ufa. 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, wakaungana, na wapiga kura wale wale wakawafuata hadi Ikulu. Hapo mleta mada ana haki. Lakini Machi 2018 Uhuru akasalimiana na mpinzani wake Raila Odinga, wakapatana, na 2022 akauomba Mlima Kenya, eneo la kwao, umpe Raila kura. Mlima ukakataa kata kata, ukampa Ruto. Miaka yote ile watu waliambiwa Raila ni hatari, wakaamini kweli. Leo unawaambia ni ndugu yako? Kiongozi hana uwezo wa kurudisha kila neno alilolipanda.

Mleta mada
Mlima haukukosa mkubwa, ulibadilisha tu. Ruto alikuwa amepiga kambi kule miaka, kanisa kwa kanisa. Lakini nirudi kwa wa Wete, maana hajanijibu la msiba. Anayenyima kitambulisho ni serikali. Kwa nini atozwe jirani, mvuvi asiye na cheo chochote? Hapo ndipo naona mkono wa siasa: umekufanya usione mtu, uone kundi.

Mtu wa Wete
Asiye na cheo? Sheha, mkuu wa serikali hapa mtaani, ndiye anayesema huyu namtambua, apewe kitambulisho, huyu simtambui. Na sheha haletwi kwa boti kutoka Unguja. Nyumba yake iko hapa hapa mtaani, na wanawe wanasoma chuo kimoja na wangu.