Maji kupanda bei: pingamizi liandikweje?

Mpangaji, Kondele: Wadau, kampuni ya maji ikiomba bei mpya, maoni ya mwananchi yana uzito gani? Nianzie wapi?

Mkaguzi wa Bili: Kampuni haijipandishii bei. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016, kifungu cha 72, inaipa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, mamlaka ya kuidhinisha. Tangazo likitoka, una angalau siku 30 za kuandika. "Maisha ni magumu" haitoshi, dada. Piga kwenye maji yanayopotea: WASREB huona chini ya 20% ni vizuri, zaidi ya 25% haikubaliki. Kampuni ikisukuma lita 100 na kutoa bili ya 60, hizo 40 nyingi zimeenda kwa mabomba yaliyopasuka, mita mbovu na miunganisho ya wizi. Kwa nini mlipaji mwaminifu azibebe zote? Dai ratiba ya kupunguza, mwaka kwa mwaka.

Fundi Mita: Na usisahau ada ya maji taka. Mara nyingi ni asilimia ya maji uliyotumia, kwa hiyo maji yakipanda nayo inapanda kimyakimya. Wa choo cha shimo asitozwe.

Mpangaji, Kondele: Na sisi wa kioski?

Mkaguzi wa Bili: Yuniti moja ni lita 1,000, mitungi 50 ya lita 20. Gawanya bei ya yuniti ambayo kampuni inakitoza kioski kwa 50, ulinganishe na unacholipa dirishani kwa mtungi. Omba bei ya mtungi iandikwe kwenye idhini, la sivyo nafuu inaishia kwa muuzaji.

Mpangaji, Kondele: Asanteni. Kesho naenda kuomba jedwali lao la gharama.