Kiazi kitamu kwenye chupa: mizizi imejaa, majani hakuna. Nisaidieni

Mpangaji_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Nimepanga ghorofa ya tatu, sina bustani wala kibaraza cha kuweka hata ndoo moja. Nataka kitu cha kijani kitambae juu ya kabati la vyombo mpaka dirishani, na bei za maua ya pale barabarani zinanikatisha tamaa. Nikaona nijaribu kiazi kitamu. Nimekichoma vijiti vya meno, nimekiegesha kwenye mdomo wa chupa ya jemu, nusu ndani ya maji, nusu nje. Mizizi imetoka mingi mpaka inajikunja chini, ila juu hakuna chipukizi hata moja. Chupa iko mezani karibu na runinga, kiyoyozi huwa kinawaka usiku kucha. Maji nayo yameanza kuwa ya kijani. Tatizo ni nini? Halafu wife anauliza, mtoto akitafuna yale majani kuna shida?

Kidagaa_Kavu
Mkuu unapanda matembele sebuleni? Mgeni akibisha hodi, mboga iko tayari 😂

MamaMarando
Mwache acheke, mwanangu. Mimi niko Sengerema, viazi ndiyo maisha yetu: tunakula vibichi, tunakausha michembe (vipande vibichi), tunakausha matobolwa (vipande vilivyochemshwa), na marando, yaani mashina yake yanayotambaa, tunapeana na majirani kila msimu. Kwanza kitazame kiazi chako. Kina ncha mbili na hazilingani kazi. Moja ndiyo ilishikana na rando, mara nyingi ina kovu au kikonyo kilichokauka. Nyingine huishia na kimkia chembamba cha mzizi. Machipukizi hupenda kutokea upande wa kikonyo. Ukikigeuza kichwa chini, yanachelewa, au yanatokea huko ndani ya maji na kuoza. Kigeuze, maji yafike kama theluthi tu ya kiazi.

Mpangaji_Sinza
Shikamoo mama. Nimekichungulia sasa hivi, kimkia kiko juu kinanitazama.

MamaMarando
Marahaba. Basi jibu umelipata.

Bwanashamba_Mstaafu
Jibu nusu. Hata ukikigeuza, kiyoyozi kitakukwamisha. Kiazi kitamu ni mmea wa joto. Huchipua vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi, na joto likishuka chini ya 15 kinasimama tu. Dar yenyewe inakupa joto hilo bure, wewe unalifukuza kwa umeme wa kulipia! Kitoe hapo, kiweke jikoni. Wakati wa kuchipua si lazima kiwe na mwanga mwingi, lakini machipukizi yakishatoka kisogeze dirishani upesi. Kwenye giza rando hurefuka haraka, vifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) vinakaa mbalimbali, majani madogo ya njano. Watu wanafurahia urefu, kumbe mmea unatafuta jua.

Ushauri wangu hasa: achana na kiazi, tumia rando. Kata kipande cha sentimita 30 hivi, ondoa majani ya chini, zamisha vifundo viwili au vitatu majini. Mizizi utaiona ndani ya siku chache, na hakuna kiazi cha kukuozea sebuleni.

Kidagaa_Kavu
Si anunue fungu la matembele gengeni achomeke?

Bwanashamba_Mstaafu
Inategemea fungu. Likiwa na ncha za rando zenye shina na vifundo, sawa. Likiwa majani matupu na vikonyo vyake, utaona mizizi inatoka na utashangilia, lakini jani la hivyo halizai rando. Halina jicho la kuchipulia. Litakaa hivyo hivyo mpaka lichoke.

Dada_wa_Minnesota
Huku kwetu baridi ni nyingine kabisa, kioo cha dirisha usiku wa Januari kinaua majani. Mimi hukisogeza mezani kila jioni. Kwa walio nje: viazi vya supamaketi vingine huwekwa dawa ya kuzuia kuchipua, mtasubiri bure. Tafuteni kwenye maduka ya Waafrika au vile vilivyoandikwa ni vya kilimo hai. Huku pia wanauza aina za mapambo, Blackie yenye majani ya zambarau iliyokolea na Margarita ya kijani cha ndimu. Ni kiazi kitamu kile kile, ila kimechaguliwa kwa majani.

Nesi_Mbagala
Samahani, mimi nina la kusema kuhusu hayo maji. Mbu wa dengi, Aedes, anapenda vyombo kama hicho: maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba. Dar tulipata mlipuko 2014, tukapata tena 2019. Yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja tu kwenye joto letu. Kwa hiyo badilisha maji kila baada ya siku tatu, na usiishie kumwaga. Sugua ukuta wa chupa ndani, kwa sababu mayai hugandia juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri. Ule ukijani ni mwani, unaletwa na mwanga kupita kwenye kioo. Funga chupa kwa karatasi au kitambaa.

Kuhusu mtoto, hayo ni matembele, hayana shida, ila asitafune kiazi chenye ukungu. Na msije mkajaribu kwa kiazi mviringo, majani ya kile yana sumu. Paka na mbwa pia wasiachwe wayatafune.

Mpangaji_Sinza
Asanteni sana. Sasa kikishatambaa, kinapanda ukutani chenyewe? Na nitavuna?

MamaMarando
Hakipandi. Kiazi hakina mikono ya kushikia kama tango, kazi yake kulala chini. Utakiongoza kwa uzi, fundo lilegee. Kisiguse pazia jeupe, ukikata jani utomvu wake huacha doa jeusi lisilotoka. Rando likifika unapotaka, kata ncha, litatoa matawi pembeni. Kuvuna sahau. Kwenye maji kinakula akiba yake mwenyewe, ikiisha majani yanapauka. Hapo hamishia kwenye ndoo ya udongo yenye matundu chini, au kata ncha uanze upya.

Bwanashamba_Mstaafu
Na ndoo hiyo usiijaze samadi. Utapata majani ya kufunika kabati, chini ukute vimizizi.

Mpangaji_Sinza
Majani ndiyo nayataka mzee wangu. Samadi naipata wapi Sinza?