Waliofika Nakuru 🚲

*Jumatano*

05:48 Katibu: Wakuu amkeni. Mashujaa imebaki wiki tano. Safari ya kwanza tuliendesha baiskeli Kisumu hadi Nakuru, tukajengea mama wa Ahero nyumba. Safari ya pili ni Kisumu hadi Busia, tarehe 20 Oktoba. Kisian, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, Busia. Hakuna Mau, hakuna Salgaa, hakuna matrela ya kutupigia honi mgongoni. Nyumba ya kujenga ni moja, Bumala, ya mama na wajukuu wanne. Nataka majina kabla ya saa sita mchana.

05:49 Katibu: 1. Katibu
2.
3.

07:15 Katibu: Naona watu 19 mmesoma. Tiki za buluu hazipandi kilima.

07:31 Dogo Kondele: 1. Katibu
2. Dogo
3. Lori

07:31 Dogo Kondele: 😂😂😂

07:40 Mama Njoro: Dogo mwache Mwalimu. Goti lilikuwa linamuuma.

07:41 Dogo Kondele: Goti lilianza Chepseon likapona Nakuru mbele ya pilau yako, Mama.

07:44 Mama Njoro: Hiyo pilau ilikuwa mchele kilo sita na sikubakiwa hata na ukoko. Waliosaidia kuosha sufuria nawakumbuka. Hawakuwepo.

07:46 Katibu: Turudi kwa ajenda. Mchango 2,500 kila mtu, namba ya M-Pesa ni ile ile. Tukipita Maseno tutapiga picha kwa ule ubao wa ikweta. Mweka Hazina, thibitisha.

09:02 Katibu: Mweka Hazina?

10:20 Mwalimu Luanda: Hamjambo wote. Goti lilikuwa la kweli. Kuhusu mchango, mshahara wangu unakatwa asilimia 1.5 kila mwezi ya nyumba za bei nafuu. Mimi naomba hiyo ihesabiwe kama kilomita.

10:22 Dogo Kondele: Mwalimu sasa ameshafika Kampala 😂

10:25 Katibu: Dogo jina lako liko namba mbili, pesa yako sijaiona.

10:26 Dogo Kondele: Nimetuma saa hii.

11:03 Wa Boston: Salamu kutoka huku, sijalala bado. Kuna vijana wa Bike & Build, walianza 2003 kuvuka Marekani nzima kwa baiskeli, na njiani walikuwa wanashuka kujenga nyumba. Wakianzia Atlantiki walikuwa wanachovya gurudumu la nyuma baharini, wakifika Pasifiki wanachovya la mbele. Katibu, Busia tutachovya wapi?

11:05 Dogo Kondele: Sisi tulichovya ziwani Dunga, tukafika Nakuru tukachovya ndoo.

11:06 Mama Njoro: Ndoo yangu. Ya buluu, yenye mfuniko. Haijarudi.

11:09 Katibu: Pale lango la mbuga walitaka kila mtu alipe ndiyo aone ziwa. Mngelipa? Jamani, muda. Jezi safari hii ni za kijani, nyuma kuna picha ya nyumba. Tumeni saizi.

11:31 Fundi Nyamasaria: Jezi tena?

11:32 Katibu: Karibu Fundi. Saizi gani?

11:40 Fundi Nyamasaria: Jezi 23 kwa 1,200 ni 27,600. Hizo ndizo zilikuwa pesa za kutoa udongo mweusi Ahero na kujaza maramu. Nilisema tuchimbe futi nne. Nikaambiwa mbili zinatosha, wapiga picha wanakuja Jumapili.

11:42 Katibu: Fundi hayo tulimaliza kwa kikao.

11:43 Fundi Nyamasaria: Mlimaliza nyinyi. Mimi nilikuwa nje nachanganya simiti.

11:44 Dogo Kondele: Mimi ile jezi naivaa kulalia, inabana kwapa lakini ina heshima.

11:47 Katibu: Bila jezi wafadhili wangetujuaje? Mabati yalitoka wapi? Si yule mtu aliona jezi barabarani pale Awasi akasimamisha gari?

11:50 Fundi Nyamasaria: Mabati sina neno. Matofali pia sina neno, yale ya kufungamana tuliyashindilia vizuri, udongo na simiti kidogo, hatukuchoma hata ukuni. Shida ni mahali nyumba imelala. Udongo wa Ahero mnaujua. Mvua ikija unafura kama andazi, jua likiwaka unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Nyumba juu yake inafanya nini? Inacheza.

11:51 Dogo Kondele: Ohangla 💃🏾

11:58 Katibu: Naomba tusirudi nyuma. Majina. Tuko wawili.

13:37 Mzee Awasi: Watoto wangu, miwani imevunjika mkono mmoja, nisameheni herufi. Leo asubuhi nimepita Ahero kwa yule mama. Ufa upo. Unaanza pembe ya dirisha, unapanda mshazari mpaka kwa bati. Nimeingiza kidole kimefika kifundo cha pili. Usiku anauziba na gazeti, mbu wasiingie. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema mtu hamlalamikii mgeni aliyemletea zawadi. Amenipa chai na mkate. Ile jezi mliyompa siku ya kukabidhi ameitundika hapo ukutani, imefunika ufa, wageni wasiuone. Bumala nitaendesha, baiskeli yangu iko tayari. Ahero kwanza.

13:39 Dogo Kondele: *Ujumbe huu umefutwa*

14:26 Mama Njoro: 🙏🏾

15:10 Wa Boston: Jaduong' tumesikia.

15:58 Katibu: Mzee asante. Nimesoma mara tatu.

16:04 Katibu: Lakini yule wa Bumala nilishamwambia tunakuja. Ameshapasua mawe ya msingi, yeye na mjukuu mkubwa.

16:20 Fundi Nyamasaria: Jaduong', ukipita tena, usikubali mtu azibe ufa na simiti, utafungua pembeni. Paka plasta kidogo ikatize ufa, nyembamba kama chapati, na uandike tarehe juu yake kwa msumari ikiwa mbichi. Ikipasuka ujue nyumba bado inatembea.

16:22 Mzee Awasi: Nitafanya kesho.

16:31 Fundi Nyamasaria: Kitu kingine, maji ya paa yanamwagika hapo hapo chini ya ukuta. Inataka mifereji na tangi. Halafu zege kuzunguka nyumba, upana wa mita, iinamie nje. Na ule mkaratusi wa jirani unanyonya maji upande mmoja, kwa hivyo ardhi inakauka upande huo na kushuka. Jirani aongeleshwe na mtu mzima, si Dogo.

16:32 Dogo Kondele: Haki.

16:33 Katibu: Gharama?

16:35 Fundi Nyamasaria: Nikapime kwanza. Nyumba haipimwi kwa simu.

16:41 Katibu: Basi Jumamosi hii, kikao Ahero, hapo hapo nyumbani kwake, saa nane. Msimwambie tunakuja asije akachinja kuku.

16:44 Wa Boston: Saa nane yetu au ya simu?

16:44 Katibu: Yetu!! Na wewe utakuja na nini kutoka Boston?

16:52 Mama Njoro: Msipomwambia mtamtia aibu, msifanye hivyo. Mzee atamwambia kwa adabu. Sukari na unga nitatuma na matatu ya asubuhi, mtu apokee stendi.

17:30 Fundi Nyamasaria: Vuli iko njiani. Tukikaa mpaka baada ya Mashujaa tutamwaga zege kwa matope.

17:33 Katibu: Kwa hivyo unasema Bumala isogee?

19:05 Katibu: Fundi?

21:14 Mweka Hazina: Habari za jioni, ndio nimefika nyumbani. Kwa akaunti kuna 11,340. Na ile namba mliyopewa asubuhi ni ya mweka hazina wa kwanza, msitume.

21:15 Dogo Kondele: Nilituma 😭

21:16 Mweka Hazina: Yule siku hizi yuko Mombasa.

21:18 Katibu: Atarudisha, ni mtu wetu.

21:19 Dogo Kondele: Kama ndoo.

22:40 Katibu: Ahero Jumamosi:
1. Katibu
2. Mzee
3. Fundi (?)
4.
5.
Saizi za jezi tuache kwanza.

22:52 Dogo Kondele: 4. Dogo, na koleo

*Alhamisi*

06:10 Mwalimu Luanda: Jana niliishiwa bando. Ni Jumamosi hii ama ile ya Mashujaa? Kama kuna lori nihesabuni.