Paneli za utando mwembamba kwa friza za samaki: je, zinalipa?

MuuzaPweza: Habari za wakati huu, wanajamvi. Nina friza mbili za samaki na pweza kisiwani Mafia, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, na jenereta yangu hunywa lita 4 za petroli kila siku. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue paneli za utando mwembamba, yaani zile zilizopakwa tabaka jembamba sana la kunasa jua badala ya vipande vya silikoni, akidai kwamba joto la pwani huziua paneli za kawaida za silikoni. Je, dai hilo ni la kweli, na nikiongeza betri fedha yangu itarudi?

FundiJua: Ukweli upo, ila umetiwa chumvi. Nguvu ya paneli hupimwa kwenye nyuzi 25, ilhali juu ya bati, jua la utosi, paneli huweza kufika nyuzi 65. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 40, paneli ya silikoni inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi hupungukiwa asilimia 14, na ile ya utando wa kadimiamu na teluriamu, inayopoteza takriban asilimia 0.28, hupungukiwa asilimia 11. Kwa pengo la asilimia 3, sioni sababu ya kulipa zaidi. Tena paneli hizo za kadimiamu hununuliwa zaidi na mitambo mikubwa, kwa hiyo muulize anakuuzia utando gani hasa. Ule wa silikoni isiyo na fuwele, uliouzwa sana Kenya miaka ya 1990 katika vipaneli vya wati 12 hadi 14, hupoteza sehemu ya nguvu yake katika miezi ya mwanzo ya kupigwa jua na hudai paa kubwa zaidi ya mara mbili.

HesabuZaDuka: Mimi naona mjadala wa paneli unakupotezea muda, ndugu yangu, kwa kuwa faida yako iko kwenye betri. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, unachoma shilingi 360,000 kwa mwezi. Friza zako zikila uniti 3 kwa siku, paneli za wati 800 zinatosha, lakini karibu nusu ya umeme huo unahitajika jua likiwa limezama, na bila betri jenereta itaendelea kunguruma usiku. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200 hukupa uniti 2 bila kuumia, wakati betri ya kawaida ya risasi na asidi ya ukubwa huo haifai kushushwa chini ya nusu. Ukiuziwa mfumo mzima kwa milioni 4, petroli uliyoiokoa itaulipa ndani ya mwaka mmoja.

MuuzaPweza: Ahsanteni. Na siku za masika, mawingu yakitanda?

FundiJua: Jaza chupa za maji ndani ya friza zigande mchana, kwani barafu nayo ni akiba ya jua, na ni rahisi kuliko betri ya pili. Jenereta usiiuze. Inveta nayo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha friza, ichaguliwe kwa kuangalia umeme ambao kompresa huuvuta inapoanza kuwaka, ambao huwa mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye friza.